Ngozi inapogeuka gamba: shangazi yangu, Paul Klee na nyoka wa Brazili

Mwalimu wa shule ya msingi akitoka darasani na vidole vyeupe, nani atashangaa? Si chaki hiyo! Ndivyo tulivyokuwa tukimtania shangazi yangu, aliyefundisha miaka mingi kule Njombe. Baridi ya Njombe ya Juni na Julai mnaijua. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vinageuka vyeupe pe, halafu vya bluu, halafu vinakuwa vyekundu na kuanza kuuma. Ananawa, weupe hautoki. Sisi tunacheka.

Hatukujua tunacheka nini.

Baadaye ngozi ya vidole ikaanza kukaza na kung'aa. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, ikabidi sonara aikate. Mikunjo ya uso ikapotea, majirani wakamsifu kwamba umri unarudi nyuma. Kisha mdomo ukawa haufunguki vizuri, na tonge la ugali likawa linakwama kifuani kama limegonga ukuta. Kifuani yakatokea madoa meupe. Zahanati moja wakasema ukoma. Nyingine wakasema baridi yabisi. Mganga wa kienyeji akasema ni mkono wa mtu, tena mtu wa karibu, na ukoo mzima ukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Miaka sita hiyo.

Halafu siku moja, kwenye hospitali moja hapa Dar, daktari kijana alimshika mikono, akaibinya ngozi, akamuuliza kama vidole hubadilika rangi wakati wa baridi. Vipimo vya damu vikafuata. Jibu: sklerodema.

Jioni ile shangazi hakuniuliza kama atapona. Aliniuliza, "Kwa hiyo baba, kuna watu wengine wanao huu ugonjwa?"

Nikamwambia nitatafuta. Kazi yangu ni kuulizauliza watu, nikaona safari hii niwaulize waliokwisha kufa. Haya ndiyo niliyoyapata.

MSICHANA WA NAPOLI

Mwaka 1752 msichana wa miaka 17, Patrizia Galiera, alipelekwa kwa daktari Carlo Curzio huko Napoli, Italia. Ngozi yake ilikuwa ngumu, imekaza mwili mzima, hawezi kufungua mdomo sawasawa wala kugeuza shingo. Curzio hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Akamtibu kwa silaha za zama zake: maziwa ya moto, mvuke, kumtoa damu mguuni, na zebaki kidogo kidogo. Baada ya miezi kumi na moja hivi, akaandika, ngozi ililainika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1753, na wanahistoria wengi wa tiba huanzia hapo wanaposimulia ugonjwa huu.

Kuna wataalamu wa baadaye wanaotilia shaka. Wanasema huenda Patrizia alikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na huu, kwa sababu sklerodema ya kweli kwa kawaida haiondoki kirahisi namna ile. Inawezekana. Lakini tazameni jambo moja: mgonjwa wa kwanza katika historia ni mtu ambaye daktari wake hakuwa na jina la kumpa. Hapo shangazi amepata mwenzake wa kwanza.

Jina lilikuja karibu miaka mia moja baadaye. Mwaka 1847 Élie Gintrac, daktari wa Bordeaux, Ufaransa, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la "ugumu" na jingine la "ngozi". Jina zuri, ila lilipotosha watu kwa muda mrefu, maana lilifanya ugonjwa uonekane ni wa ngozi tu.

Mwaka 1862 Mfaransa mwingine, Maurice Raynaud, akaandika tasnifu yake ya udaktari huko Paris kuhusu vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi au kwa hofu. Leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Watu wengi wanayo na hawaumwi kitu kingine chochote. Ila kwa karibu kila mwenye sklerodema, hiyo ndiyo dalili inayotangulia, mara nyingine kwa miaka. Kwa maneno mengine, vidole vya shangazi vilikuwa vinasema ukweli tangu siku ya kwanza. Wasikilizaji ndio tulikosekana.

Mwishoni mwa karne ya 19 William Osler, mmoja wa madaktari maarufu kuliko wote wa zama hizo, alikuwa na wagonjwa hao pale Johns Hopkins, Baltimore. Alikiri kwamba ni moja ya maradhi mabaya kabisa ya binadamu, akaufananisha na kufungiwa ndani ya ngozi ya chuma inayobana kidogo kidogo. Akajaribu kuwapa dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi la shingo la wanyama. Haikuwa tiba.

MCHORAJI WA BERN

Sasa twende kwa mtu ambaye ugonjwa huu umemfanya awe kama balozi wake bila kupenda.

Paul Klee alizaliwa tarehe 18 Desemba 1879 karibu na Bern, Uswisi. Alikuwa mpiga fidla hodari kabla ya kuchagua rangi. Mwezi Aprili 1914 alikwenda Tunisia na wachoraji wenzake August Macke na Louis Moilliet, na mwanga wa Kairouan ukambadilisha. Mwenyewe alihesabu safari ile kuwa ndiyo iliyomfanya mchoraji wa rangi. Kwa hiyo Afrika nayo ina mkono wake humu. Baadaye akafundisha katika shule mashuhuri ya Bauhaus, kisha Düsseldorf.

Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 walimsimamisha kazi, wakamzushia kwamba ni Myahudi, na nyumba yake ikapekuliwa. Desemba mwaka ule akarudi Bern na mkewe Lily, mpiga piano. Alikuwa anarudi mji alikokulia, lakini akiwa na pasipoti ya Ujerumani, kwa sababu baba yake alikuwa Mjerumani.

Mwaka 1935 akaanza kuugua. Kwanza ikasemekana ni surua. Kisha homa, mapafu, uchovu usioisha. Mwaka 1936 alipelekwa kupumzika Tarasp na Montana, kwenye hewa ya milimani, kwa sababu hiyo ndiyo tiba iliyokuwapo. Mchoraji aliyezoea kutoa mamia ya kazi kwa mwaka alitoa 25 tu. Umio wake ulikuwa umekaza, akawa anakula vyakula laini na vya majimaji, tena peke yake, maana kula mbele za watu kulikuwa mateso. Uso ukakaza kama kinyago. Kupanda ngazi kukawa kazi.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Shangazi naye aliacha kula harusini na misibani. Tukasema ana maringo.

Mikono ya Klee ugonjwa haukuiharibu, na akaamua kuitumia. Mwaka 1937 kazi zikaanza kumiminika tena. Mistari ikawa minene, myeusi, kama vijiti vya mkaa, na picha zikawa kubwa kuliko za zamani. Mchoro wake mkubwa wa mwaka 1938, Insula dulcamara, aliuchora juu ya karatasi za gazeti zilizobandikwa kwenye gunia. (Sisi wa magazeti turuhusiwe kujidai kidogo.) Mwaka 1939 pekee alitoa kazi zaidi ya 1,200. Hakuwahi kufikia idadi hiyo hata alipokuwa mzima.

Wakati huohuo, Julai 1937, Wanazi walifungua mjini Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa waliyoiita potofu, na kazi 17 za Klee zikatundikwa humo ili watu wazicheke. Kazi zake 102 zilichukuliwa kutoka makumbusho ya umma ya Ujerumani. Novemba mwaka ule Picasso alimtembelea Bern. Mtu mmoja, mwaka mmoja: nchi moja inamcheka, Picasso anabisha hodi, na mwili unamkaza.

Klee alifariki tarehe 29 Juni 1940 katika kliniki ya Muralto, karibu na Locarno. Alikuwa ameomba uraia wa Uswisi, akafa kabla ya kuupata.

Na sasa jambo lililonigusa kuliko yote. Neno "sklerodema" likihusishwa na Klee lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1954, miaka 14 baada ya kifo chake, katika kitabu cha Will Grohmann kuhusu maisha yake. Baadaye daktari wa ngozi wa Uswisi, Hans Suter, alitumia miaka mingi kufuatilia barua na kumbukumbu za familia, akachapisha kitabu mwaka 2006. Hitimisho lake ni kwamba kila dalili inaelekea kwenye sklerodema ya mwili mzima. Lakini hakuna ushahidi kwamba Klee mwenyewe aliwahi kuambiwa jina la kilichomuua. Msomi, maarufu, katikati ya Ulaya!

Siku aliyofariki, 29 Juni, ndiyo leo inayoadhimishwa kila mwaka kama siku ya sklerodema duniani.

KWANI NI UGONJWA WA WAZUNGU?

Swali hili nililiulizwa na rafiki yangu mmoja tukinywa kahawa. Jibu ni hapana.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Mambo matatu huenda pamoja. Mishipa midogo ya damu huharibika. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Na mwili hutengeneza kolajeni kupita kiasi, yaani ile nyuzinyuzi inayotengeneza kovu. Ni kama kovu lisilojua kuacha, kwenye ngozi, kwenye umio, kwenye mapafu, wakati mwingine kwenye moyo na figo. Hauambukizi. Hurithi moja kwa moja kama jina la ukoo hapana. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Na tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu weusi huupata mapema zaidi na kwa ukali zaidi, hasa kwenye mapafu. Kwenye ngozi nyeusi huacha madoa ambayo madaktari huyafananisha na chumvi na pilipili, na hayo ndiyo yanayosababisha watu kusema mbalanga au ukoma.

Rita Owens, mama yake Queen Latifah, alikuwa mwalimu wa sekondari huko New Jersey. Sklerodema ilimharibu mapafu, na alifariki mwaka 2018. Mwalimu, mwanamke mweusi. Shangazi alipoona picha yake kwenye simu yangu aliitazama muda mrefu sana.

Kisha kuna vumbi. Mwaka 1914 Byrom Bramwell wa Edinburgh aliona kwamba miongoni mwa wagonjwa wake wa sklerodema walikuwamo mafundi wachonga mawe. Mwaka 1957 daktari L. D. Erasmus akaandika kuhusu sklerodema kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Vumbi la mwamba wenye silika, mtu akilivuta miaka mingi, huongeza hatari. Wengine wa babu zetu kutoka kusini mwa Tanganyika waliandikishwa kwenda migodi ileile kupitia shirika la WNLA, lile wazee waliloliita Wenela. Waliorudi wakikohoa na kukaza vidole, nani aliwapima? Na vijana wetu wanaoponda mawe ya dhahabu leo bila hata kitambaa puani, nani anawapima?

NYOKA

Hadi miaka ya 1970, kitu kilichoogopwa kuliko vyote kwa wagonjwa hawa kilikuwa figo. Mtu yuko na ngozi yake ngumu, anaishi, ghafla presha inapanda kupita kiasi, figo zinagoma, na ndani ya wiki chache amefariki. Madaktari walikuwa wanatazama tu.

Wokovu ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutafuta. Brazili kuna nyoka anaitwa jararaca. Akikuuma, presha inashuka mno. Mwanasayansi wa Kibrazili, Sérgio Ferreira, alichunguza sumu hiyo katika miaka ya 1960, akaipeleka London kwenye maabara ya John Vane. Kutoka hapo wazo likafika kampuni ya Squibb, New Jersey, ambako David Cushman na Miguel Ondetti walitengeneza mwaka 1975 dawa inayoiga kazi ya ile sumu: captopril.

Ilikuwa dawa ya presha ya kawaida. Mwaka 1979 zikaanza kuchapishwa taarifa za wagonjwa wa sklerodema ambao figo zao zilikuwa zinakufa, wakapewa captopril, zikarudi. Mwaka 1990 Virginia Steen na wenzake wa Pittsburgh wakahesabu: wasiopewa dawa za aina hiyo, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 15. Waliopewa, asilimia 76.

Someni tena namba hizo. Na captopril si dawa ya matajiri. Mimi nimeiona duka la dawa la mtaani kwetu, imepangwa karibu na panadol.

Dawa nyingine nazo zina hadithi za kona kona. Timu ya John Vane huyohuyo iligundua mwaka 1976 kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu, na kutokana nayo ikapatikana iloprost, dripu wanayopewa watu wenye vidonda vya vidole visivyopona. Sildenafil ilianza kutafutwa kama dawa ya moyo, ikaja kuwa maarufu mwaka 1998 kwa jina la Viagra (msicheke), na mwaka 2005 ikaidhinishwa Marekani kwa presha ya mishipa ya mapafu, ambayo ni moja ya wauaji wakubwa wa wagonjwa hawa.

Lakini zipo pia dawa zilizotumainiwa zikaanguka. Kwa miaka mingi wagonjwa walipewa penicillamine. Mwaka 1999 utafiti ukalinganisha dozi kubwa na dozi ndogo sana, tofauti haikuonekana. Hiyo nayo ni historia, na aliyekaa na vidonge hivyo miaka kumi akisubiri ngozi ilainike anayo haki ya kutajwa.

WAGONJWA WENYEWE

Utafiti wa ugonjwa adimu hauji wenyewe. Hakuna kura humo, na faida ni ndogo. Mwaka 1987 Sharon Monsky, mwanamke Mmarekani mwenye ugonjwa huu, alianzisha mfuko wa utafiti wa sklerodema, akaupigania hadi alipofariki mwaka 2002. Mchekeshaji Bob Saget alimpoteza dada yake mwaka 1994 kwa ugonjwa huu, akaongoza filamu ya mwaka 1996 kuhusu msiba huo, na akaendelea kuchangisha fedha hadi alipofariki mwaka 2022.

Matunda yameonekana. Mwaka 2006 na 2016 majaribio makubwa yalionyesha kwamba cyclophosphamide, kisha mycophenolate, huweza kupunguza kasi ya kuharibika kwa mapafu. Mwaka 2019 nintedanib ikaidhinishwa Marekani, na mwaka 2021 tocilizumab. Wachache wenye hali mbaya hufanyiwa upandikizaji wa selishina zao wenyewe, tiba nzito na ya hatari, lakini majaribio yamethibitisha kwamba inaongeza maisha kwa waliochaguliwa vizuri. Tiba ya kuuondoa kabisa bado haijapatikana. Kinachotibiwa ni dalili moja moja, kiungo kimoja kimoja.

TURUDI NJOMBE

Shangazi hayuko Njombe tena. Baridi ilimshinda, sasa anakaa Morogoro kwa binti yake. Anavaa glavu akishika kitu cha friji. Anameza nifedipine kwa ajili ya vidole na omeprazole kwa ajili ya kiungulia. Kitanda chake kimeinuliwa upande wa kichwa kwa matofali mawili, chakula kisirudi juu usiku. Anakula uji, ndizi za kupondwa, mchuzi, kidogo kidogo, na saa tatu kabla ya kulala hagusi kitu. Asubuhi anapaka mafuta mikononi na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, nusu saa nzima, ukimkuta hapo hakusemeshi. Ana mashine ya kupimia presha na daftari, kwa sababu presha ikipanda ghafla anatakiwa kukimbia hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja lilinitisha. Katika ile miaka sita aliwahi kupewa prednisolone za nguvu kwa ajili ya "baridi yabisi", na leo inajulikana kwamba dozi kubwa za dawa hizo zinaweza kuchochea lile balaa la figo. Mungu alimnusuru. Aliyeandika zile dawa hakuwa na nia mbaya. Alitibu vidole bila kuuliza kuhusu koo, na waliotibu koo hawakutazama vidole. Kila mmoja alishika kipande chake, kama wazee wa Bordeaux na Paris karne mbili zilizopita.

Ndiyo maana nimeandika haya yote marefu. Ukiwa na mama, dada au jirani ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kwa baridi na sasa ngozi inakaza, au chakula kinakwama, au anahema akipanda ngazi, usimtanie kama nilivyofanya mimi. Mpeleke hospitali ya rufaa, aeleze dalili zote kwa pamoja, hata zile zinazoonekana hazihusiani. Na mkiitwa kikao cha ukoo kutafuta nani kamroga, ombeni kwanza vipimo vya damu.

Wiki iliyopita nilimsomea shangazi habari za Klee. Nilipofika pale alipokula peke yake aliniomba nirudie. Kisha akaniuliza huyo mzungu alichora picha ngapi mwaka ule wa mwisho kabla hajafa. Nikamwambia zaidi ya elfu moja na mia mbili.

Akatafakari kidogo. "Basi niletee daftari jingine baba," akasema, "hili la presha limejaa."

Nimempelekea mawili. Wenye ndugu anayeishi na ugonjwa huu, au mnaomfahamu daktari anayeushughulikia huko mikoani, niandikieni. Shangazi anataka kujua wako wangapi.